Ufunguo wa Codd na Kiwanja cha Mama

Makala ya Edgar F. Codd niliisoma mara ya kwanza mwaka 2012 ndani ya daladala, kutoka Bunju kwenda Mwenge, nikisomea kanzidata kwa shahada ya uzamili pale Mlimani. Ilitoka Juni 1970, naye akiwa mtafiti wa IBM huko California, na ndiyo iliyoweka msingi wa kanzidata za majedwali. Ni kurasa 11 tu, kavu kama makopa. Mifano yake mingi ni ya vipuri na wanaovileta. Nikasema, bwana huyu hana habari na binadamu.

Nilikosea. Mwaka ule ule kiwanja cha mama kiliuzwa mara ya pili. Katika daftari la ofisi moja kiliandikwa mistari miwili: mmoja "karibu na mwembe", mwingine "nyuma ya kisima". Namba hakuna. Codd anataka kila mstari wa jedwali uwe na ufunguo mkuu, alama isiyorudiwa, tena anaonyesha jinsi jambo lililoandikwa mara mbili linavyoweza kuja kujipinga lenyewe. Sehemu hiyo niliirudia barazani, mama akichambua mchele kando yangu, na ukavu wake sikuuona tena.

Hata hivyo nina ugomvi naye. Anaeleza namna ya kuyalinda maandishi yasigombane. Nani ashike kalamu, hasemi. Labda haikuwa kazi yake. Mwembe umekwisha katwa, na mama stakabadhi yake bado anaifunga kwenye pindo la khanga.