Kitabu Chini ya Dawati: Tuihakiki Vipi Riwaya Pendwa?

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa, hebu tuanze na kisa. Miaka michache iliyopita, hapa Kiboko kando ya barabara kuu ya Mombasa, nilimnyang'anya mwanafunzi wa kidato cha tatu kitabu alichokuwa akikisoma chini ya dawati huku mimi nikifundisha riwaya teule. Kilikuwa Tutarudi na Roho Zetu cha Ben Mtobwa, kimechakaa, hakina jalada. Nilimwambia aachane na takataka. Akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, umekisoma?" Nilikuwa nimekisoma mara mbili nikiwa chuoni, tena usiku kucha. Nilikosa la kumjibu.

Tumezoea kuzigawa riwaya za Kiswahili mafungu mawili: riwaya dhati na riwaya pendwa. Za kwanza tunaziheshimu, za pili tunazificha. Lakini muulize mtahiniwa kwa nini riwaya teule ni bora. Atakujibu kwamba ina maudhui mengi na inaifunza jamii, maneno aliyoyakariri kutoka kwenye mwongozo. Je, Joram Kiango wa Mtobwa hafunzi? Anapambana na njama za makaburu wa Afrika Kusini! Ikiwa mafunzo ndiyo kipimo, basi mwanafunzi wangu hakuwa na kosa.

Orodha ya vitabu teule nayo haitoshi kuwa kipimo. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipotoka mwaka wa 1971 ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Baadaye ikaja kufundishwa katika shule za nchi hiyo hiyo. Rosa ni yule yule, na Zakaria baba yake ni yule yule. Waliobadilika ni wakubwa waliokuwa wakiamua. Wala uuzaji wa vitabu hautuamulii jambo. Sisi wa Makueni tunamjua David Maillu wa Kilungu, aliyejichapishia After 4:30 mwaka wa 1974. Wasomaji walikigombania, wahakiki wengi wakakibeza, na kila upande ulijiona umemaliza kazi.

Kipimo ninachokipendekeza hakina makuu: soma mara ya pili. Siri ikishajulikana, kinabaki nini?

Chukua Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Kilishinda shindano la uandishi la mwaka wa 1957/58, kikachapishwa mwaka wa 1960. Kwa umbo lake ni hadithi ya upelelezi. Bwana Msa na kiko chake ni ndugu wa Sherlock Holmes, na Najum ndiye Watson wake. Kwa mujibu wa mgawanyo wetu, hiki kingekaa chini ya dawati. Lakini ukishamjua muuaji, bado unayo Unguja: mazungumzo ya watu wake, utani wao, na hofu ya mzimu ikishindana na ushahidi. Msa anataka sababu ya kila jambo, na walio karibu naye hawajazoea kuulizwa sababu. Mvutano huo hauishi muuaji anapokamatwa, na mimi hurudia kitabu hiki kwa ajili yake. Nakihesabu kuwa kitabu cha kudumu, na sioni haya kukiita pia riwaya pendwa.

Sasa geuza kipimo hicho kwa kitabu tunachokipenda sote, Siku Njema cha Ken Walibora (1996). Mapenzi yasitufumbe macho. Ukisoma mara ya pili utaona Kongowea Mswahili ni mwema na hodari kupita kiasi, na kwamba sadfa zinamsaidia mwandishi mahali ambapo msuko ungepaswa kujitegemea. Mtahiniwa, andika hivyo ukiwa na ushahidi. Hakuna atakayekunyima alama. Lakini andika pia kuhusu Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, na pengo aliloliacha. Kuhusu safari ya kutoka Tanga hadi Kitale ya kijana anayemtafuta baba. Na kuhusu Kiswahili ambacho wanafunzi wangu hukiiga katika insha bila kutumwa. Riwaya hii iliondoka kwenye mtihani miaka mingi iliyopita. Nakala yetu ya maktaba bado haikai rafuni.

Kuhusu yule wa kidato cha tatu: nilimrudishia kitabu chake na swali moja. Taharuki inatoka wapi, ilhali tunajua fika kwamba Joram hafi? Alileta kurasa mbili baada ya juma moja. Aliandika kwamba mara ya pili aliyaruka mapigano, kwa kuwa mwisho wake aliujua, akajikuta akimsoma Nuru polepole. Kisha akauliza: Nuru akiondolewa hadithini, Joram atapungukiwa na nini? Hilo sikuwahi kujiuliza katika zile mara mbili zangu. Nilimpa 15 kwa 20, nikamwomba aniazime tena kitabu. Alisema wenzake sita wako mbele yangu kwenye foleni.