Nyote Mnakaribishwa

Kila Desemba simu yangu hujaa kadi za mialiko kutoka Kericho na Bomet: harusi, harambee, koito. Nyingi huisha kwa maneno mawili: "Nyote mnakaribishwa." Tumezoea kuhakiki riwaya na filamu. Leo nahakiki kadi, kwa sababu haya ndiyo maandishi ambayo watu wetu husoma hadi mwisho, na kwa sababu mojawapo niliiandika mimi.

Ilikuwa ya koito ya binamu yangu, ile siku familia mbili hukutana kupatana mahari. Niliweka majina ya wazee, kamati, namba ya kutumia mchango na rangi za mavazi. Saa nne kamili asubuhi. Nyote mnakaribishwa. Siku yenyewe mdogo wa binamu, kijana wa miaka 16 mwenye usonji, aliachwa kwa jirani, ati aangalie ng'ombe. Hakuna aliyemfukuza. Ila karibu kila tulichopanga kilikuwa kinamwambia asije.

Anza na hiyo saa nne. Sote tulijua ni saa saba, na tunacheka. Yeye huishi kwa kujua kinachofuata, na saa tatu za kungoja bila mpangilio humchosha kuliko kuchuma chai kutwa. Kisha spika mbili zinaelekezwa kwenye hema na emsii anapiga kelele utadhani tuko ng'ambo ya mto. Kisha salamu, mkono kwa mkono, mstari mzima: chamgei, chamgei mising. Hapendi kuguswa. Kisha mursik. Kijana akikataa kikombe, wazee husoma dharau, kumbe ni harufu ya moshi tu inayomshinda.

Ukarimu wetu hupimwa kwa wingi: sauti nyingi, chakula kingi, mikono mingi. Kadi yangu ilisifu huo wingi na haikumpa mgeni habari hata moja ya kumsaidia kuamua. Shangazi anayetumia kiti cha magurudumu angejua avae rangi gani, asijue kwamba boma liko chini ya mteremko katikati ya majani chai, kwamba mvua ya alasiri hugeuza njia kuwa utelezi, na kwamba choo kina ngazi.

Utaniambia, "Si vijana wanne watambeba?" Kweli, watambeba, na kwa moyo safi. Lakini mtu mzima anayebebwa mbele ya wakwe huwa sehemu ya programu bila kuulizwa. Halafu mzee mmoja atashika maikrofoni aseme, "Hujafa hujaumbika." Methali hiyo humwonya aliye mzima asijigambe. Anayetumiwa kama mfano yuko palepale, anasikia.

Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote, ya usafiri wa umma, na ya habari. Sisemi polisi waje kukagua koito. Nasema neno habari limewekwa sambamba na mahali na usafiri wa umma, na mwandishi wa kadi ndiye mwenye habari.

Kadi nzuri ingesomeka hivi: Gari linafika hadi mlangoni. Choo kimoja hakina ngazi. Chakula saa saba, hotuba baadaye. Kuna chumba kimya nyuma ya nyumba. Kupunga mkono ni salamu tosha. Ukichoka, nenda, hakuna atakayekuuliza. Ukihitaji kingine, tupigie mapema. Haya yote hayafikii bei ya hema moja, ingawa choo kitahitaji fundi na mbao, na emsii atahitaji kuambiwa mara mbili.

Harusi ya binamu inakuja, na kadi nimepewa tena mimi. Safari hii nilimtumia yule kijana rasimu kabla ya kamati kuiona. Alijibu kwa neno moja: "Spika?"

Nilikuwa nimesahau. Nimeongeza mstari.