Barua Ambayo Johnnie Hakuitia Sandukuni

Dakika za mwisho za Suspicion (1941) ya Hitchcock ziliivunja filamu iliyokwisha kusimama, na sitachoka kulisema. Mnaikumbuka barabara ya ukingoni mwa jabali: Johnnie anakanyaga mafuta, mlango wa upande wa Lina unafunguka, mkono wa mume unamjia. Gari linasimama. Ndipo tunamwagiwa maelezo: alikuwa anamvuta asianguke, sumu aliyoiulizia ilikuwa ya kujiua mwenyewe, rafiki yake Beaky alipofia Paris, yeye alikuwa Liverpool. Lina anaridhika, gari linageuzwa, wanarudi nyumbani.

Ushahidi uko wapi? Liverpool hatukuonyeshwa, wala shahidi hakuletwa. Tuna neno la Johnnie tu, mtu aliyeuza viti vya kale walivyozawadiwa na baba mkwe na kuchota fedha za mwajiri wake. Kwa filamu nzima Hitchcock ametufungia ndani ya macho ya Lina. Hofu yake ndiyo kamera yetu. Ukitaka kuivunja hofu hiyo, ivunje kwa picha. Hapa imevunjwa kwa mdomo wa mwongo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba filamu ilijengwa kwa mwisho mwingine. Katika riwaya ya Francis Iles, Before the Fact, Lina anakunywa sumu akijua. Hitchcock alimweleza mwongozaji mwenzake Truffaut mwisho alioutaka yeye: Lina anamwandikia mama yake kwamba mumewe ni muuaji, anakunywa maziwa yenye sumu, na Johnnie, asiyejua kilichoandikwa, anakwenda kuiposti barua hiyo huku akipiga mluzi. Sasa rudini kwenye behewa la mwanzo. Johnnie amekaa daraja la kwanza na tiketi ya daraja la tatu, nauli imempungukia, anachukua stempu ya Lina kumlipa mkaguzi na kumwambia amwandikie mama yake barua. Baadaye Hitchcock mwenyewe anapita kijijini akitumbukiza barua sandukuni. Msingi wote ulikwisha chimbwa, nyumba ikajengwa kiwanja kingine.

Studio ya RKO haikutaka Cary Grant, aliyemcheza Johnnie, awe muuaji. Steringi hachafuki! Ivor Novello alikingwa hivyo hivyo katika The Lodger (1927), ya Hitchcock pia, na mwaka 1940 Maxim wa Rebecca alisafishwa kwa sababu kanuni za maadili za Hollywood hazikuruhusu muuaji abaki bila adhabu, risasi ya riwayani ikageuzwa ajali. Mwongozaji Murnau naye, katika The Last Laugh (1924), alimaliza kwa furaha isiyosadikika, lakini aliweka maandishi ya kukiri kwamba mambo hayawi hivyo duniani. Hitchcock alikuwa kwenye studio za Babelsberg, Ujerumani, mwaka ule akimtazama akifanya kazi. Somo alilipata, katika Suspicion hakulitumia.

Taa iliyofichwa ndani ya glasi ya maziwa Grant anapopanda ngazi gizani ni ufundi mtupu. Asubuhi yake glasi iko pembeni ya kitanda, haijaguswa, na swali zima limekwepwa.

Joan Fontaine alipata Oscar kwa kumcheza Lina, na hiyo ndiyo Oscar pekee ya uigizaji iliyotoka katika filamu ya Hitchcock. Aliistahili. Alistahili pia kuachwa ayanywe yale maziwa.