Pongezi kwa Jumuiya za Majilio
Majilio yana Jumapili nne, na zinazoyafikisha hadi sebuleni ni jumuiya ndogondogo za Kikristo. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki na Kati walizipa kipaumbele mwaka 1976; leo waumini, wa Kwa Mathias pale Kibaha kama wa vijiji vya Kisarawe, husali nyumba kwa nyumba.

Shada la mishumaa linalowashwa katika sala hizo lilibuniwa na mchungaji Mlutheri, Johann Hinrich Wichern, huko Hamburg mwaka 1839. Kwetu matawi mabichi yanatosha: mishumaa mitatu ya zambarau, na mmoja wa waridi kwa Jumapili ya tatu. Mtoto anawasha, mama anasoma Injili, wote wanaitikia.

Kazi ya kuziongoza jumuiya hizi haina mshahara. Viongozi wa jumuiya wanaobisha hodi kukumbusha zamu wanastahili pongezi za dhati. Wakaribisheni, msali nao.