Kisa Kinachoachwa Wazi

Vijana watatu, marafiki tangu utoto, wanampenda msichana mmoja. Kila mmoja anakwenda zake ugenini kutafuta kitu cha kumstahili. Wa kwanza anapata kioo kinachoonyesha yaliyo mbali, wa pili ngozi inayoruka, wa tatu dawa ya kufufua wafu. Siku wanapokutana, kioo kinawaonyesha msichana amekufa. Wanapanda ngozi, wanawahi kabla ya maziko, dawa inamwamsha. Nani amwoe? Msimulizi ananyamaza, na wasikilizaji wanaanza kubishana.

Visa vya namna hii vimeenea Afrika, na mwaka 1975 Mmarekani William Bascom alivikusanya vingi katika kitabu kimoja. Msomaji wa Alfu Lela Ulela atamkumbuka ndugu wa mbali wa kisa hiki: wana watatu wa sultani, busati, mwanzi wa kuonea mbali na tufaha la kuponya. Kule, sultani akishindwa kuamua, anawashindanisha watoto wake kwa mishale. Kisa cha Kiafrika hakina sultani. Hukumu ni ya waliokaa kusikiliza, na hilo ndilo linalokifanya kiwe kigumu kukisimulia vizuri.

Kandokando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Uvira kushuka Baraka, mwezi ndio unaotoa nafasi ya masimulizi. Samaki wadogo waitwao ndagala huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, mitumbwi hupumzika, na watu hupata muda wa kukaa. Anayesimulia Kiswahili hapa anaweza kuwa mbele ya Wavira, Wafuliiru, Wabembe na Warundi kwa pamoja, kila mmoja na mazoea ya kwao kuhusu mahari, deni na shukrani. Mabishano yatakuwa makali, na hayo ndiyo mafanikio ya msimulizi.

Ufundi wenyewe ni wa kupima. Kijana mwenye kioo akisifiwa kupita kiasi, kesi imekwisha kabla ya kuanza. Kwa hiyo msimulizi hodari humpa kila rafiki taabu inayolingana na ya wenzake: njaa ya mmoja, hofu ya mwingine angani, mali aliyotumia wa tatu. Huuficha upendeleo wake hata katika sauti. Urafiki wao pia lazima uwe wa kweli, kwani wangekuwa maadui tangu mwanzo, kusingekuwa na uchungu wa kuchagua.

Kisa jirani kutoka pwani ya Loango, kilichochapishwa na R. E. Dennett mwaka 1898, kinageuza mambo: mwindaji aliyefufuliwa kwa juhudi za wake zake watatu anapikiwa vyungu vitatu, naye anaanza na cha yule aliyemrudishia uhai. Watu wengi wakamuunga mkono. Wanawake wakasema angechanganya vyungu vyote. Hapo kisa kimepata hukumu, lakini ubishi umebaki.

Katika kisa cha marafiki watatu, upande mmoja ukielemea, msimulizi ana njia ya kuurudisha mzani. Ataeleza kwamba kioo na ngozi bado vipo mikononi mwa wenyewe, ila dawa imekwisha yote. Au atamwacha msichana aseme alimpenda yupi kabla hajafa, jambo ambalo wengi husahau kumuuliza.