Je, Hadithi za Simu Zinatosha Kutufundisha Kiingereza?

Ukiwauliza wenzangu hapa Rwanda walikopata Kiingereza chao, wengi watakujibu: kwenye hadithi za simu. Wanasema huhitaji kamusi wala mwalimu. Soma hadithi unayoipenda, maneno yatakuja yenyewe. Katika insha hii nataka kulipima dai hilo.

Kwanza tukubali kwamba dai hili lina sababu. Mimi nilianza shule ya msingi mwaka 2009, muda mfupi baada ya serikali kuamua, mwaka 2008, kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia. Walimu wetu walikuwa wamesomea Kifaransa, na vitabu vya kabatini vilikuwa vya Kifaransa. Nilipopata simu, nilipata maktaba. Wattpad, iliyoanzishwa Kanada mwaka 2006, ilinipa hadithi bila malipo, zenye sura fupi na mazungumzo mengi. Kila sura iliishia mahali pa kukufanya usilale. Huko ndiko nilikoacha kukiogopa Kiingereza.

Lakini kuacha kuogopa si kujua. Katika hadithi hizo, kila kijana mtanashati alikuwa "smirking" mbele ya msichana anayempenda. Nikakisia kwamba ni kutabasamu kwa upendo. Miaka miwili baadaye niliandika katika mtihani kwamba mkuu wa shule "smirked" aliponikabidhi zawadi. Mwalimu aliniita akaniuliza mkuu huyo alinidharau kwa nini. Kumbe neno hilo ni tabasamu la kejeli, la mtu anayejiona. Nilikuwa nimelisoma mara nyingi sana, na kila mara nililikosea vilevile. Hadithi haimkatizi msomaji kumwambia amekosea.

Watafiti nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1978 Saragi, Nation na Meister walieleza jinsi watu wazima waliozaliwa na Kiingereza walivyosoma riwaya ya Anthony Burgess, A Clockwork Orange, yenye maneno mengi ya kubuni yaliyotokana na Kirusi. Bila kufundishwa maneno hayo, walitambua takriban robo tatu ya yale waliyopimwa. Mwaka 1989 Pitts, White na Krashen waliwapa wanaojifunza Kiingereza sura mbili za mwanzo za riwaya hiyohiyo. Hao waliambulia maneno machache tu. Ni kweli kwamba walisoma kurasa chache zaidi, lakini naona tofauti nyingine kubwa: wale wa kwanza walijua karibu kila neno lililozunguka neno geni. Hu na Nation waliandika mwaka 2000 kwamba msomaji anahitaji kujua kama maneno 98 katika kila 100 ili aelewe hadithi vizuri bila msaada.

Kwa hiyo kosa la wenzangu si kusoma hadithi, bali ni kuanzia juu. African Storybook, mradi wa Afrika Kusini uliofungua tovuti yake mwaka 2014, hupanga hadithi kwa ngazi, na nyingine zinapatikana kwa Kiingereza, Kiswahili na Kinyarwanda. Hiyo ndiyo njia, ila hadithi zake ni za watoto. Kijana wa miaka kumi na saba hatakesha akisoma habari za kuku na sungura. Tunazohitaji ni hadithi za mapenzi, soka na maisha ya mjini zilizoandikwa kwa Kiingereza chepesi, na waandishi wetu wangeweza kuzitunga.

Wakati tukizisubiri, nina ushauri mmoja. Hesabu maneno 100 ya mwanzo wa hadithi. Ukikuta magumu zaidi ya mawili, usiiache, lakini weka kamusi karibu na umtafute mtu wa kumuuliza. Mkamia maji hayanywi.