Uhakiki: Dhamira Hazichipuki Zenyewe

Makala ya Virginia Braun na Victoria Clarke kuhusu uchanganuzi wa dhamira, iliyochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Qualitative Research in Psychology, ni mwongozo unaofuatwa na watafiti wengi wa afya wanapochanganua mahojiano. Baadhi ya wanafunzi wetu huajiriwa kunukuu na kutafsiri mahojiano ya aina hiyo. Kwa hiyo inatuhusu.

Waandishi wanapendekeza hatua 6: kuizoea data, kuipachika misimbo, kutafuta dhamira, kuzipitia upya, kuzipa majina na kuandika ripoti. Ubora wa makala hii ni kukanusha dhana kwamba dhamira huchipuka zenyewe kutoka kwenye data. Mtafiti ndiye anayezijenga. Mhakiki wa fasihi hatashangazwa na hoja hiyo.

Waandishi wanaonya pia kuwa hata alama ya uakifishi ikiwekwa pasipofaa hubadili maana ya maneno ya msailiwa. Hata hivyo, onyo hilo linaishia ndani ya lugha moja. Kwetu sisi, mara nyingi mahojiano ya Kiswahili hutafsiriwa kwanza kwa Kiingereza, ndipo misimbo ipachikwe. Tuchukue mfano wa msailiwa anayesema, "Eti dawa hii inaponya." Neno "eti" linadokeza kuwa haamini. Likidondoka katika tafsiri, kauli ya shaka hupewa msimbo wa imani.

Istilahi nazo zina mtego. Utafiti wa Peter Winch na wenzake wilayani Bagamoyo, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha kuwa wenyeji hawakuihusisha degedege na malaria kama wafanyavyo matabibu. Mfasiri anayeandika "malaria kali" mahali pa "degedege" amekwisha kuchanganua kabla ya mchanganuzi, tena amefuta sababu ya mzazi kuanzia kwa mganga wa jadi. Hapa Uganda tunalijua tatizo hili: neno la Kiganda "omusujja" hubeba homa na malaria kwa pamoja.

Kwa mtazamo wetu, misimbo ipachikwe kwenye nukuu za Kiswahili, na tafsiri ibaki kwa dondoo za ripoti tu. Maneno kama "degedege" yaachwe yalivyo na kufafanuliwa. Aidha, mwanafunzi wa Kiswahili aketi mezani wakati wa kujadili misimbo, asiishie kuandika kanda. Makala isomwe, lakini hatua zake 6 zitanguliwe na swali la lugha.